Nusu mbuzi, friza moja na bili ya umeme

Januari ya kwanza tuliponunua nusu mbuzi hapa Uingereza, nyama iliyeyuka ndani ya friza iliyokuwa inawaka. Nje vioo vya magari vimeganda barafu, taa ya friza inaonekana, umeme upo, na damu inachuruzika kwenye sakafu ya gereji. Shemeji akasema mashine imekufa, tutafute nyingine. Kumbe ilikuwa nzima kabisa. Tatizo lilikuwa ni mahali tulipoiweka.

Friji nyingi za milango miwili, friji na friza pamoja kama yetu, zina kompresa moja (pampu inayosukuma gesi ya kupoza) na thamostati moja (kipima joto kinachoiwasha na kuizima), na thamostati hiyo iko upande wa friji. Gereji ikishuka hadi nyuzi 3, upande wa friji unakuwa umeshapoa wenyewe, basi kompresa haina sababu ya kuwaka. Upande wa friza, unaotakiwa kukaa kwenye -18°C, unaachwa ujipatie joto la gereji polepole. Ndiyo maana inayeyusha kwa sababu ya baridi.

Kwa hiyo kabla ya kununua, hasa kitu cha mtumba, fungua mlango utazame kibandiko cha ndani. Kuna herufi zinazosema mashine imetengenezwa kwa chumba chenye joto gani: SN ni nyuzi 10 hadi 32, N ni 16 hadi 32, ST ni 16 hadi 38, na T ni 16 hadi 43. Uliye Muscat au Dubai na stoo isiyo na kiyoyozi, tafuta T. Uliye Uingereza au Kanada na huna pa kuiweka ila gereji, tafuta friza ambayo mtengenezaji ameandika wazi kwamba inafaa gereji. Vinginevyo ibanane ndani, mbali na jiko na dirisha la jua, na nyuma yake paachwe nafasi ya hewa. Vumbi la huko nyuma lifutwe mara moja moja, maana joto linalotolewa ndani linatokea hapo.

Sasa mbuzi mwenyewe. Kosa letu la pili, mwaka uliofuata, lilikuwa kumwaga nyama yote kwa mkupuo. Kibandiko kilekile huonyesha friza inaweza kugandisha kilo ngapi kwa saa 24. Kama ni kilo 5 na wewe umeleta 10, gawanya kwa siku mbili, nyingine isubiri kwenye friji. Kama kuna kitufe cha kugandisha haraka, kibonyeze siku moja kabla ya kwenda buchani, na ukumbuke kukizima, maana nyingine hazijizimi zenyewe na mita inazunguka bure.

Funga nyama nusu kilo nusu kilo, kwenye vifuko vilivyobanwa hewa na kulazwa bapa. Kifuko bapa huganda upesi, na kikishaganda unakisimamisha kama daftari. Kila kimoja kiandike kilichomo na tarehe. Utajiona unakumbuka, lakini baada ya miezi miwili maini na figo vinafanana.

Maharage ndiyo faida kubwa kuliko nyama, kwa maoni yangu. Chemsha kilo nzima Jumapili, gawa vikombe viwili viwili, na siku ya kazi ukirudi ni kuunga tu. Chapati ziwekee karatasi katikati. Sambusa zipange kwenye sinia zigande kwanza ndipo uzitie mfukoni, na wakati wa futari zinaingia kwenye mafuta bila kuyeyushwa. Mchuzi wenye viazi usigandishe, viazi vinakuwa kama sponji. Na sufuria ya moto isiingie kamwe: itaingiza joto kwa wenzake na kujaza mvuke utakaogeuka barafu. Iketishe kwenye karai la maji baridi, ikipoa ipakie, yote ndani ya saa mbili.

Barafu ya ukutani ikifika nusu sentimita, yeyusha. Zima, fungua mlango, weka sufuria ya maji moto ndani na mataulo chini. Kisu hapana! Kuta nyingi zina mirija ya gesi, na friza nyingi za siku hizi zinatumia gesi inayoshika moto. Kama barafu inarudi haraka, bana noti kwenye mlango uivute: ikitoka kirahisi, mpira umechoka.

Thamostati ikae kwenye -18°C. Kushusha hadi -24 ni kulipa zaidi bila faida. Kuhusu gharama, lebo huandika kWh kwa mwaka, ambazo ni zilezile uniti za LUKU, mita za malipo ya kabla za Tanzania. Friza ya uniti 200, kwa bei ya peni 25, ni pauni 50 kwa mwaka. Ile kuukuu uliyopewa bure na jirani anayehama, ichomeke kwenye kipimo cha plagi siku nzima, kisha zidisha kwa 365. Unaweza kuirudisha siku hiyohiyo.

Friza iliyojaa, umeme ukikatika na mlango usipofunguliwa, hushikilia baridi karibu saa 48. Iliyo nusu, saa 24. Hili ni muhimu kwa wenye mita za malipo ya kabla mnaosafiri Desemba: salio likiisha mkiwa Tanga au Kisumu, hakuna wa kuongeza. Mkiondoka kwa mwezi, kuleni kilichomo, zimeni, mlango uwekewe kigingi usijifunge. Kama lazima iwake, acheni salio la kutosha, mgandishe kikombe cha maji na kuweka sarafu juu ya barafu. Mkirudi mkaikuta sarafu imezama chini, nyama yote itupwe hata kama imeganda tena.