Mahale: anza na boti, mlima baadaye

Wadau mnaotaka kupanda mlima Nkungwe kule hifadhi ya Mahale, pangeni boti kwanza, maana ndani ya hifadhi hakuna barabara, ni miguu tu na Ziwa Tanganyika liko hapo pembeni, na ziwa likichafuka mtakaa Kigoma mnasubiri, kwa hiyo achieni siku moja au mbili za ziada. Nendeni kiangazi, Juni mpaka Oktoba, mvua zikianza njia ya msituni ni utelezi mtupu na mlima wenyewe una mita 2,462. Soksi bebeni pea tatu, moja usiiguse mpaka usiku. Halafu jamani, ukiwa na mafua usiwasogelee sokwe mtu wa humo hifadhini, yanawaua kweli, hili nawaomba sana.