Botoneki ni nini, na unaikamataje? Darasa fupi la kwetu Kusini

Siku hizi kila kikao lazima atokee mtu aseme "hapa ndo kuna botoneki", kikao cha AMCOS (ushirika wetu wa wakulima), cha kikoba, mpaka cha harusi, na nusu ya wanaolitamka wanamaanisha shida tu. Sio kila shida ni botoneki jamani. Pancha ni shida, bei ya korosho kushuka mnadani ni shida, botoneki ni ile hatua moja inayobana mpaka kazi nzima inakwenda kwa spidi yake.

Anza na chupa yenyewe maana neno limetoka hapo, Kiingereza "bottleneck", ni shingo ya chupa, basi. Chukua chupa tupu ya soda jaza karanga halafu ipindue. Zitadondoka tatu nne, kisha mbili zinakutana shingoni zinabanana bega kwa bega na chupa nzima inagoma. Sasa ukatafute chupa yenye tumbo kubwa zaidi? Utapata karanga nyingi zaidi zilizokwama. Ukishaelewa hilo la tumbo na shingo mengine ni kulihamisha neno tu.

Kwa barabara sisi hatuhitaji mwalimu. Kabla ya 2003 ukitoka Mtwara kwenda Dar ukifika Rufiji pale Ndundu unakuta kivuko, sasa basi liwe jipya, dereva awe anakimbiza kama kafukuzwa na nyuki, safari yako ni spidi ya pantoni. Likaja Daraja la Mkapa, karibu mita 970, tukashangilia weee, kumbe shingo imesogea mbele kidogo tu, kile kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita kama 60, vumbi kiangazi tope masika, malori yamenasa humo miaka na miaka mpaka lami ilipokuja. Na Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zikakata barabara maeneo ya Somanga, Kusini yote ikakumbuka zamani. Ndo maana ukiondoa botoneki moja usikae ukapumzika, angalia iliyokuwa imejificha nyuma yake. Na mtu akikwambia mradi wake una botoneki kumi na mbili, huyo ana orodha ya malalamiko.

Kuitafuta sasa. Mama yangu mdogo yuko kwenye kikundi cha kubangua korosho, walikuwa wanalia kazi haiendi, wakachanga wakanunua mashine ya pili ya kubangulia, mwezi ukaisha mzigo unaotoka ni ule ule. Nikaenda nikageuza ndoo nikakaa nikaangalia tu, sikuuliza mtu. Kwa wamenyaji kulikuwa na ndoo saba za korosho zilizotoka kukaushwa zimepangana zinasubiri, na dada wa kupanga korosho zilizomenywa kwa madaraja ya ubora kakaa anachati. Umeiona? Kabla yake foleni, baada yake mtu hana kazi, katikati hapo ndo shingo. Kumenya lile ganda jembamba la ndani unatumia kidole na kisu kidogo, huwezi kuharakisha maana ukivunja korosho, bei ya vipande sio bei ya nzima. Wabanguaji wawili wakahamia kumenya, jioni ile ile ndoo zikaanza kupungua. Mashine ya pili imefunikwa kanga mpaka leo, na mama mdogo hataki iongelewe.

Mafundi kompyuta nao wanalo, ukiweka kadi ya picha ya bei mbaya kwenye kompyuta yenye prosesa ya zamani, kadi inakaa inasubiri kama yule dada wa madaraja, ni mambo yale yale. Wanasayansi wa viumbe wanaliongelea kwa wanyama, kundi likipungua sana halafu wachache waliobaki wakazaliana upya, wajukuu wote wanafanana damu hata wakiwa wengi, mfano wao mkubwa ni duma. Na ukikuta mpiga gitaa wa bluzi wa Marekani anasema botoneki usimuulize foleni iko wapi, yeye anaongelea shingo ya chupa halisi, zamani walikuwa wanaikata wanaivaa kidoleni na kuiteleza juu ya nyuzi, ule mlio wa kama mtu analia.

Kwenye sentensi liweke kwenye hatua, sema "botoneki ya mauzo yetu ni usafiri wa kutoka Newala" au "botoneki iko kwenye kukausha", hapo umesema kitu na watu wanajua waende wapi. Ukisema "kuna mabotoneki" ukaishia hapo hujasema chochote.

Halafu kwa mtu kuwa makini. Najua kuna ofisi kila karatasi inasubiri saini ya mzee mmoja na mzee kaenda shamba Tandahimba, ni botoneki kweli kweli, ila usithubutu kumwita hivyo. Mimi niliwahi, kwenye kikao, mbele za watu. Mzee akavua miwani akaniuliza, "Mjukuu wangu, mimi chupa?" Siku hizi nasema "shikamoo babu, karatasi zinakusubiri wewe tu", na anasaini.