Mahindi ya kabatini: kuonyesha jani linavyojijenga likipata mwanga

Wanafunzi wangu hapa Mufindi huniambia kwamba mche uliokulia gizani ni mgonjwa. Badala ya kubishana nao, nawapa makopo mawili.

Loweka mahindi usiku mmoja. Yawe ya ghalani, kwani mbegu ya dukani imepakwa dawa. Panda punje 20 kila kopo. Moja likae dirishani, jingine kabatini kwa siku 8, nyufa zote zikiwa zimezibwa. Hapa ndipo wengi huharibu. Safari moja kijana alichungulia kila jioni kwa tochi ya simu, na miche ikaanza kugeuka kijani kabla ya siku yake. Mwagilia gizani, kwa kupapasa.

Siku ya 9 asubuhi, toa kopo ulikalishe barazani kivulini, maana jua kali la ghafla huunguza majani hayo. Yatakuwa ya njano kwa sababu ya karotenoidi, yaani rangi za njano za jani. Papo hapo kata vipande 10, tia kwenye chupa ndogo ya spiriti, funika, weka kabatini. Rudia baada ya muda wa saa 2, saa 6 na saa 24. Kata katikati ya jani kila mara: jani la mahindi hukua kutoka chini, kwa hiyo ncha ni kongwe na kitako ni kichanga. Spiriti usiipashe motoni. Usiku mmoja unatosha kuvuta rangi.

Chupa ya pili itafanana sana na ya kwanza, na hapo watoto huvunjika moyo. Waeleze yanayoendelea ndani. Gizani, tando za plastidi, yaani vifuko vidogo ndani ya seli za jani, zilikuwa mirija iliyosukwa kama wavu mnene, pamoja na malighafi ya klorofili (rangi ya kijani ya majani) iliyosimama hatua moja kabla ya kuwa kijani. Mwanga ndio unaoivusha hatua hiyo. Wavu unalegea, mirija inatandazwa kuwa tando bapa, yaani thailakoidi, kisha baadhi zinalaliana kama chapati kwenye sahani. Ila chapati hizi zimeungana, hakuna iliyo peke yake. Hadubini ya shule haizioni. Mnachofuatilia ni rangi, na chupa ya nne itakuwa kijani waziwazi.

Mwaka huu tunajaribu na mbegu za mipaina, ambayo imetuzunguka kila upande. Miche yake hutengeneza klorofili hata gizani, kwa hiyo nimewaambia waandike utabiri wao kwanza, kabla sijafungua kabati.