Jinsi ya kuchora msitu ukiwa ndani yake, kwa mtindo wa Shishkin

Wengi tukiambiwa tuchore msitu tunaweka mstari wa miti kule mbali, anga juu, majani chini, basi. Huo ni msitu wa mtu aliyebaki barabarani. Ivan Shishkin, mchoraji Mrusi aliyezaliwa 1832, alikuwa anaingia ndani kabisa, na kama unataka kujaribu njia yake tafuta kwenye simu picha yake ya 1891 ya mvua kwenye msitu wa mialoni, iko kwenye jumba la sanaa la Tretyakov kule Moscow, iweke mbele yako halafu twende.

Kwanza anga, ibane mpaka ibaki kidogo sana. Vilele vya miti vikatwe na ukingo wa juu wa karatasi, usihangaike kuonyesha mti mzima, maana ukiwa msituni unachokiona ni mashina.

Kazi yenyewe iko kwenye ukungu. Cheki mialoni ya mbele, kahawia nzito inayokaribia nyeusi, gome lote linaonekana, halafu ya nyuma inafifia inakuwa kijivu mpaka ya mwisho unaona kivuli tu. Kwa hiyo anza na nyuma: nyeupe nyingi, bluu kidogo na kahawia kidogo sana, paka mashina ya mbali bila kingo kali, na kama ni rangi za maji ongeza maji badala ya nyeupe na upake karatasi ikiwa bado mbichi. Ikikauka weka safu inayofuata, nzito kidogo, giza lote libaki la mbele. Watu wanachora gome kwenye kila mti, wakimaliza picha imekuwa ukuta, gome ni la miti miwili mitatu ya mbele tu jamani.

Kijani usikipake kama kilivyotoka kwenye tyubu, kitie kahawia kwanza. Madimbwi ya njiani yape rangi ileile ya ukungu wa nyuma.

Mwisho weka watu, wadogo. Wale wawili chini ya mwavuli ndo wanakufanya ujue mialoni ni mikubwa kiasi gani. Kama kuchora watu kunakushinda mpe rafiki, mbona hata dubu wa ile picha maarufu ya Shishkin ya 1889 walichorwa na mchoraji mwenzake Konstantin Savitsky, ila Pavel Tretyakov, mwenye lile jumba, aliyeinunua akafuta saini ya Savitsky, hiyo usiige.