Kulipa bila pesa taslimu: soma jina kabla ya namba ya siri

Kulipa bila pesa taslimu ni kuhamisha fedha kutoka akaunti yako kwenda ya muuzaji kwa kadi, simu au msimbo wa QR, yaani mchoro wa miraba midogo unaosomwa kwa kamera ya simu. Kadi ya kugusa isogeze hadi sentimita 4 hivi kutoka kwenye mashine na uishikilie hapo mpaka mlio usikike. Ukiiondoa upesi, malipo hayapiti. Kwa simu, ingiza namba ya mpokeaji na kiasi, kisha tulia: soma jina linalotokea ndipo uweke namba ya siri. Tarakimu moja ikikosewa, pesa huenda kwa mtu mwingine, na kuirudisha ni kazi kweli. Msimbo wa QR ukague kwanza, maana matapeli hubandika stika yao juu ya ile ya muuzaji.

Mtandao ukikatika katikati, tafadhali usilipe tena papo hapo. Angalia salio na orodha ya miamala. Huenda pesa imeshakatwa, uthibitisho tu ndio umechelewa. Muuzaji naye aangalie akaunti yake mwenyewe, si ujumbe anaoonyeshwa na mteja, kwani ujumbe hughushiwa kirahisi. Na kupokea pesa hakuhitaji namba ya siri. Anayekupigia akiiomba ni tapeli, kata simu.