Timu yako itakutana na nani kwenye mtoano wa NBA? Piga hesabu kwa daftari na penseli

Ikifika mwishoni mwa Machi, grupu letu la wapenzi wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, hapa Kigoma mwisho wa reli linachangamka kuliko kijiwe cha kahawa. Huyu anaomba akutane na Lakers, yule anadai wameshafuzu, mwingine anatuma picha ya msimamo wa juzi. Kuna kijana wa Ujiji, shabiki wa Philadelphia, aliyeniuliza: "Kaka, tukilingana timu tatu, nani anakaa juu?" Nikaanza kumjibu kwa ujumbe wa sauti, nikaona haufiki mwisho. Bora niandike.

Mifano karibu yote nimeichukua msimu wa 2023-24 na 2024-25. Matokeo yake yanajulikana, kwa hiyo unaweza kupiga hesabu mwenyewe ukaona kama umepatia. Mechi za kugombea nafasi ya 7 na ya 8 nitaziita mchujo. Zile raundi za mshindi wa mechi nne katika saba ndizo mtoano.

Hatua ya 1: Chukua msimamo

Hili huhitaji kufundishwa. Angalia saa tu. Mechi za California zinaweza kuanza saa kumi na moja na nusu alfajiri kwa saa zetu, muda ambao mitumbwi ya dagaa inarudi Kibirizi, na zikiisha maduka ya Mwanga yanafunguliwa. Anayenakili msimamo saa moja asubuhi akiwa kwenye chai anabeba hesabu pungufu, na ndiye atakayebishana siku nzima. Subiri ifike saa tatu.

Nakili kwa mkono ushindi, vipigo na mechi zilizobaki kati ya 82. Mimi jicho langu huanza kwenye vipigo. Ushindi unaweza kuutafuta kesho, lakini kipigo kikishaingia hakitoki.

Tumia kaunta buku na penseli, maana utafuta sana. Kuna tovuti zinazotoa asilimia za timu yako kufuzu. Sizipendi. Kuambiwa una asilimia 63 hakukusaidii kujua leo usiku umwombee nani mabaya.

Hatua ya 2: Chora ngazi

NBA ina kanda mbili, Mashariki na Magharibi, na kila ukanda una timu 15. Nafasi ya 1 hadi ya 6 zinaingia mtoano moja kwa moja. Wa 7 anacheza na wa 8, na mshindi anachukua nafasi ya 7. Wa 9 anacheza na wa 10, na anayefungwa anakwenda nyumbani. Kisha aliyefungwa kati ya wa 7 na wa 8 anamkaribisha aliyeshinda kati ya wa 9 na wa 10, na hapo ndipo nafasi ya 8 inapopatikana. Piga mstari mnene chini ya nafasi ya 6, maana huo ndio mstari unaowakosesha watu usingizi.

Hatua ya 3: Namba ya kumaliza kazi

Chukua 83, toa ushindi wako, toa vipigo vya anayekufukuza. Kama una ushindi 45 naye ana vipigo 34, jibu ni 4. Ushindi wako na vipigo vyake vikijumlishwa vikafika 4 kuanzia leo, hawezi tena kukupita wala kukufikia. Kama unajua kwamba mkilingana wewe ndiye utakayekaa juu, punguza moja: unahitaji 3 tu.

Hiyo "kama unajua" ndiyo inayotupeleka hatua ya nne, na hapa naomba usome taratibu.

Hatua ya 4: Timu zikilingana

Mashabiki wengi wanajua kanuni moja tu, kwamba huangaliwa nani alimfunga nani. Ni kweli, lakini hiyo ni ya kwanza pale tu zinapolingana timu mbili. Zikiwa tatu au zaidi, mpangilio unabadilika, na hapo ndipo niliposhuhudia ubishi uliochukua jioni nzima.

Timu mbili zikilingana, fuata mpangilio huu na usiruke. Kwanza, matokeo yao wao kwa wao. Yakiwa sawa, je, mmoja ni kinara wa kundi lake ndani ya ukanda (makundi nayaeleza hapa chini) na mwenzake siye? Kinara anakaa juu. Bado? Kama wako kundi moja, angalia rekodi zao (ushindi na vipigo) ndani ya kundi. Kama wako makundi tofauti, hatua hiyo haiwahusu, nendeni kwenye rekodi dhidi ya timu za ukanda wao. Baada ya hapo kuna ngazi nyingine, za rekodi dhidi ya timu zilizofuzu na mwisho kabisa tofauti ya pointi za kufunga na kufungwa, ila ni nadra kufika huko.

Timu tatu zikilingana, swali la kwanza ni la kinara wa kundi. Matokeo ya wao kwa wao yanashuka kuwa la pili.

Makundi yenyewe ni matatu kila ukanda, timu tano tano. Zamani kuongoza kundi kulikuwa na uzito mkubwa. Tangu msimu wa 2015-16 hakukuhakikishii nafasi yoyote, ila kwenye kulingana bado kuna meno.

Sasa Ukanda wa Mashariki, 2024. Orlando, Indiana na Philadelphia zote zilimaliza na ushindi 47 na vipigo 35. Watatu, nafasi tatu: ya 5, ya 6 na ya 7. Maana yake mmoja lazima adondoke chini ya ule mstari mnene.

Orlando walikuwa vinara wa kundi la Kusini Mashariki. Wakachukua ya 5, hawakuulizwa kitu kingine.

Wamebaki wawili. Hapa ndipo watu wanapochanganya: wanaendelea na mpangilio wa timu tatu walipoishia. Hapana. Mmoja akishatoka, waliobaki wanarudi mwanzo kabisa, na sasa kwa kuwa ni wawili, wanatumia mpangilio wa timu mbili. Kwa hiyo, nani alimfunga nani kati ya Indiana na Philadelphia? Walikutana mara tatu. Novemba 12, 2023 Philadelphia walishinda 137-126, usiku ule Tyrese Maxey alipofunga pointi 50. Siku mbili baadaye Indiana wakalipa kisasi, 132-126. Januari wakashinda tena. Indiana 2, Philadelphia 1. Indiana wa 6, Philadelphia mchujo.

Angalia ile mechi ya Novemba 14. Ilikuwa ya hatua ya makundi ya Kombe la katikati ya msimu, mashindano yaliyoanza mwaka huo huo, na wapo mashabiki walioichukulia kama bonanza. Mechi zote za Kombe zinahesabika kwenye msimamo isipokuwa fainali yake. Ukiwa unajaza matokeo ya wao kwa wao kwenye daftari, fainali ya Kombe iache nje, nyingine zote ziingize.

Sio kila jozi ya timu za ukanda mmoja inakutana mara sawa. Wengine hukutana mara nne, wengine tatu. Wa ukanda wa pili hukutana mara mbili, ila hao hawakuhusu hapa. Kwa sababu hiyo, mkiwa watatu na hakuna kinara wa kundi, usihesabu ushindi mtupu. Chora jedwali dogo la hao watatu peke yao, kisha gawanya ushindi kwa idadi ya mechi. Aliyeshinda 4 kati ya 7 yuko juu ya aliyeshinda 4 kati ya 8, ingawa wote wana nne. Kuna mtu huwa ananiambia hapo naleta hesabu za darasani. Basi aache kubashiri.

Mtego wa mwisho. Je, kama timu mbili kati ya zinazolingana zinagombea ukinara wa kundi lile lile? Ukinara unaamuliwa kwanza, kabla ya kingine chochote. Mfano ni Magharibi mwaka 2025. Lakers, Denver na Clippers wote walimaliza 50-32. Lakers na Clippers wako kundi moja la Pasifiki. Wao kwa wao Lakers walikuwa mbele 3-1, kwa hiyo Lakers ndio vinara, na kwa ukinara huo wakachukua nafasi ya 3. Wakabaki Denver na Clippers: wao kwa wao 2-2, hakuna kinara wa kundi kati yao, makundi tofauti, basi ikaenda kwenye rekodi ya ukanda. Denver wa 4, Clippers wa 5.

Unaweza kusema ya 4 na ya 5 si tofauti, wanakutana wenyewe kwa wenyewe. Wakakutana kweli. Mfululizo ukafika mechi ya saba, na mechi ya saba huchezwa kwa mwenye nafasi ya juu. Denver walishinda 120-101 nyumbani kwao.

Hatua ya 5: Sasa uombe nani?

Hapa kila mtu ana lake, na mimi nina langu.

Usichague mpinzani kwa matokeo ya msimu. Phoenix waliwafunga Minnesota mara tatu kati ya tatu msimu wa 2023-24, ya mwisho ikiwa siku ya kufunga ligi, 125-106. Wakapangiana raundi ya kwanza, wa 6 kwa wa 3. Mashabiki wa Phoenix walikuwa na haki ya kuchekelea. Minnesota waliwatoa 4-0. Matokeo ya wao kwa wao yana kazi kwenye hatua ya nne. Kwenye hatua ya tano yafunike kwa mkono.

Uliza mambo mawili. La kwanza, nani ni mgonjwa na nani amerudi. Philadelphia ya 2024 ilishuka wakati nyota wao Joel Embiid yuko nje akitibiwa goti, akarudi Aprili mwanzoni. Timu ya nafasi ya 7 yenye mtu kama huyo si kibonde, waulize New York waliohitaji mechi sita kuwatoa. Upande wa pili, Indiana walikutana na Milwaukee isiyokuwa na nyota wake Giannis Antetokounmpo mfululizo mzima, wakapita 4-2.

La pili, angalia njia yote, si mlango tu. NBA hawapangi upya baada ya raundi ya kwanza. Mshindi wa 1 na 8 anamsubiri mshindi wa 4 na 5. Mshindi wa 2 na 7 anamsubiri mshindi wa 3 na 6. Kwa hiyo ukiwa wa 5, ukivuka tu unakutana na kinara wa ukanda, asipoteleza. Ukiwa wa 6, humwoni hadi fainali ya ukanda. Ndiyo maana mimi naipenda nafasi ya 6 kuliko ya 5, na sijali wanaonicheka.

Rudi kwa wale watatu wa 47-35. Orlando, aliyeshinda ule ubishi wa kulingana, alikwenda kwa Cleveland akatolewa 4-3, na Cleveland naye akaangukia kwa Boston, wakamfunga 4-1. Indiana, wa chini yake, alipita Milwaukee, akapita New York kwa mechi saba, akafika fainali ya ukanda. Boston walimfunga 4-0 huko, sawa, ila alifika.

Na wale wanaomwomba wa 8 kwa sababu ni wa 8: mwaka 2023 Miami walifungwa mechi yao ya kwanza ya mchujo, wakaponea ya pili, wakawatoa Milwaukee waliokuwa vinara 4-1, wakafika fainali ya NBA.

Hatua ya 6: Jumapili ya mwisho

Mwaka 2024 na 2025 siku ya kufunga msimu Mashariki walicheza wote kwa mkupuo saa mbili usiku kwa saa zetu, Magharibi saa nne na nusu. Ni usiku mmoja wa pekee ambao shabiki wa Kigoma anafuatilia yote bila kukesha. Chaji simu mchana. Usimalize bando kwenye video, fungua ukurasa wa matokeo tu na daftari likiwa wazi.

Kabla ya kuanza, soma orodha ya wasiocheza. Timu ambayo nafasi yake imeshafungwa hupumzisha nyota wake, na mechi uliyoiwekea alama ya kipigo inaweza kugeuka. Andika majibu mawili pembeni ya kila mechi inayokugusa: wakishinda nani anakwenda wapi, wakifungwa nani anakwenda wapi. Mechi nne zinazokugusa ni njia 16. Ni nyingi lakini zinaingia kwenye kurasa mbili, na nyingi zinajirudia. Futa moja moja kadiri filimbi zinavyolia.

Ukiangukia mchujo, mechi za kwanza zimeandikwa Jumanne kwa saa za Marekani, lakini ya saa moja na nusu jioni New York kwetu ni saa nane na nusu, usiku wa kuamkia Jumatano. Ya pili inaweza kuanza saa kumi na moja alfajiri. Weka kengele mbili.