Kibodi moja, mausi moja, kompyuta mbili: namna ya kuziunganisha bila kununua kifaa

Mwongozo huu nauandika kwa sababu ya dada wa hesabu kwenye duka la jumla Kariakoo. Mezani ana desktopu ya mfumo wa mauzo, pembeni laptopu ya barua pepe na ritani. Namba ya malipo ikiingia kwenye laptopu alikuwa anaisoma kwa sauti, tarakimu zote 12, huku anazichapa upya kwenye desktopu kwa kidole kimoja. Siku hizi anakopi huku, anapesti kule. Wengi wanaitaka kazi hii ili kupunguza vitu mezani, ila mimi nasema hiyo kopi na pesti pekee inatosha kukufanya uisumbukie.

Kwanza tuelewane. Kama una skrini moja na unataka kompyuta mbili ziitumie kwa zamu, hapa sipo kwako. Nunua kiboksi cha KVM, kile cha kubonyeza kitufe ili picha, kibodi na mausi vihame pamoja. Ninachoeleza ni pale kila kompyuta ina skrini yake. Unasukuma mshale hadi ukingoni mwa skrini ya kwanza, unatokea kwenye ya pili, na kibodi inaufuata. Programu haihamishi picha, inatuma tu mwendo wa mausi na vitufe unavyobonyeza kupitia mtandao wa ndani. Intaneti haihitajiki, kwa hiyo bando haliliwi.

Hatua ya 1: Chagua programu

Kama kompyuta zote ni Windows 10 au 11, tumia Mouse Without Borders iliyo ndani ya PowerToys, mkusanyiko wa zana za ziada wa Microsoft. Ni ya bure, inabeba hadi kompyuta 4, na faili moja lisilozidi MB 100 unalihamisha kwa kulikopi tu. Kama zote ni za Apple na zinatumia akaunti moja, usisakinishe chochote: Universal Control ipo tangu macOS 12.3.

Ukichanganya, mathalani Windows na Linux au Windows na Mac, chukua Deskflow. Ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Utakuta watu bado wanapendekeza Barrier. Ilifanya kazi nzuri zamani lakini haiendelezwi tena, achana nayo. Kibodi za Bluetooth zenye vitufe vya kubadilisha kifaa siwakatazi watu, ila zenyewe hazikopi wala kupesti, na kila ukihama lazima ubonyeze.

Kuanzia hapa naelezea Deskflow.

Hatua ya 2: Amua ipi ni seva

Seva ni kompyuta iliyochomekwa kibodi na mausi utakazotumia. Nyingine ni klayenti. Napendelea desktopu iwe seva, kwa sababu laptopu hubebwa kwenda nyumbani, na ikiondoka na useva wake desktopu inabaki haina mikono.

Kabla hujasakinisha, zipe kompyuta majina mafupi, kama MAUZO na HESABU. Windows huzipa majina ya ajabu yenye DESKTOP mbele na herufi za kubahatisha nyuma, na programu hii inatambua skrini kwa jina. Herufi moja ikikosewa, klayenti inakataliwa.

Hatua ya 3: Sakinisha na upange skrini

Sakinisha pande zote mbili. Kwenye seva chagua kwamba kibodi ni ya kompyuta hii, kwenye klayenti chagua kwamba unatumia ya kompyuta nyingine na uandike anwani ya IP ya seva, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao (namna ya kuipata iko Hatua ya 4). Kisha kwenye seva buruta kipicha cha skrini ya pili ukiweke upande uleule ilipo mezani. Anza. Ikitokea alama ya utambulisho, ule mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu, linganisha pande zote mbili ndipo ukubali.

Hatua ya 4: Ikigoma kuunganika

Itagoma. Na karibu kila mara kosa haliko kwenye programu, liko kwenye mtandao, lakini watu hushinda wakiifuta programu na kuisakinisha upya.

Anza kwa kutazama anwani ya IPv4 ya kompyuta zote mbili; kwenye Windows fungua PowerShell, dirisha la kuandikia amri, uandike ipconfig. Kwa ruta nyingi za ofisini tarakimu za mwanzo zinatakiwa zifanane, mfano 192.168.1.20 na 192.168.1.35. Ukikuta moja ni 192.168.1 na nyingine ni 192.168.0 au 192.168.43, haziko mtandao mmoja. Mara nyingi mmoja yuko kwenye hotspoti ya simu yake, au kuna ruta ya pili imechomekwa nyuma ya ile ya kwanza ili waifai ifike chumba cha nyuma. Kwenye hali hii ya ruta mbili kuna ujanja: klayenti ndiyo inayoipigia seva hodi, si kinyume chake. Kompyuta iliyo kwenye ruta ya ndani huweza kuifikia iliyo kwenye ruta ya nje, lakini ya nje haiifikii ya ndani. Basi seva iwe ile ya nje.

Anwani zikiwa za mtandao mmoja, usikimbilie ping, ile amri ya kujaribu kama kompyuta nyingine inaitika. Windows mara nyingi haijibu ping hata mtandao ukiwa mzima, kwa hiyo jibu lake litakupoteza. Washa programu kwenye seva, kisha kwenye klayenti, kama ni ya Windows, fungua PowerShell uandike:

Test-NetConnection 192.168.1.20 -Port 24800

Weka IP ya seva yako; 24800 ndiyo mlango wa Deskflow. Tazama mstari wa TcpTestSucceeded. Ikiwa True, mtandao hauna neno: rudi kwenye majina ya skrini au ile alama ya utambulisho. Ikiwa False, nenda kwenye seva, ufungue mipangilio ya mtandao uliounganishwa, uone kama umewekwa "Public". Windows huchukulia mtandao mpya kama wa mtaani na kufunga milango. Weka "Private", jaribu tena. Bado? Ruhusu Deskflow kwenye fayawoli, ule ulinzi unaofunga na kufungua milango ya mtandao, na kama kuna antivirusi ya kununua, nayo ina fayawoli yake. VPN ya makao makuu pia izime kwa muda wa jaribio. Usizime fayawoli yote ukaiacha hivyo.

Ukimaliza yote hayo na bado ni False, wakati kila kompyuta inaingia intaneti vizuri, ingia kwenye ruta utafute "AP Isolation" au "Client Isolation". Ikiwashwa, vifaa vya waifai haviruhusiwi kuonana. Waifai ya wageni kwa kawaida huwa hivyo. Kama ruta si yako, achana na mabishano: chomeka kompyuta zote mbili kwenye swichi ndogo ya mtandao kwa waya. Mimi hata pasipo tatizo naweka waya, maana waifai ya jengo lililojaa ofisi huufanya mshale uburute miguu.

Hatua ya 5: Funga anwani

"Kaka, jana ilikubali, leo imekataa." Simu hii huja baada ya umeme kukatika usiku. Ruta ikiwaka inagawa anwani upya, na klayenti inaendelea kuitafuta seva kwenye anwani ya jana. Ingia kwenye ruta, sehemu ya DHCP inayogawa anwani, uihifadhie seva anwani yake kwa kutumia MAC, namba ya utambulisho ya kadi yake ya mtandao (si Mac ya Apple).

Hatua ya 6: Vidogo vilivyobaki

Mshale ukivuka bila kukusudia unapofunga dirisha lililo ukingoni, weka ucheleweshaji wa milisekunde 250 kwenye mipangilio ya seva. Kwenye Mac lazima uiruhusu programu kwenye Accessibility. Kwenye Linux inayotumia Wayland, mfumo mpya wa kuonyesha madirisha, unahitaji toleo la karibuni la Deskflow. Ikisumbua, ingia kwa X11, ule mfumo wa zamani.

Usimbaji wa TLS, unaoficha data ikiwa njiani, uache umewashwa, kwa sababu chochote unachokopi, nywila ikiwemo, kinapita kwenye mtandao huo. Na kibodi ya zamani ya klayenti usiigawe. Siku ya kuingia BIOS ya klayenti, ile mipangilio ya kabla Windows haijawaka, Deskflow inakuwa haijaamka.